Jamii Iwekewe Mipaka Wapi? Ulinganisho wa Dhana kwa Mtafiti wa Zama za Utandawazi

Mwanafunzi wa sosholojia anayeandaa pendekezo la utafiti hufika mahali ambapo sharti aitaje jamii anayokusudia kuichunguza, na wengi hupapita upesi. Huandika "jamii ya Kitanzania" au "jamii ya Kenya", kisha wakahamia kwenye sampuli na dodoso kana kwamba jambo limekwisha. Maneno hayo machache, hata hivyo, yameshaamua mengi: nani ahesabiwe, takwimu zipi zitumike, sababu za matukio zitafutwe ndani ya nchi au nje yake, na nani aachwe kabisa. Tangu miaka ya 1970, na kwa kelele zaidi tangu miaka ya 1990, wanasosholojia wamekuwa wakibishana iwapo jamii na nchi ni kitu kimoja katika dunia ambamo fedha, bidhaa, habari na watu huvuka mipaka kila saa. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kungoja mabishano hayo yaishe, kwa kuwa ana pendekezo la kuwasilisha na anatakiwa kuchagua.

Nitalinganisha dhana nne zilizoshindana zaidi, na nyingine mbili tatu nitazigusa njiani. Ili maelezo yasielee hewani, zote nitazipima kwa tukio moja ambalo wengi wa Afrika Mashariki wanalikumbuka. Mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Arusha walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua nguo na viatu vya mitumba sokoni, ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Mwaka huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yake, kikidai kwamba uamuzi wa Arusha unakiuka masharti ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa nyingi za nchi za Kiafrika zinazokidhi vigezo kuingia katika soko la nchi hiyo bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata, Rwanda ikashikilia msimamo wake. Mwishoni mwa Julai 2018 nguo zinazotengenezwa Rwanda zikaondolewa katika unafuu huo. Swali la mtafiti ni hili: mambo hayo yote yametokea ndani ya jamii ipi?

Jamii kama dola-taifa

Dhana ya kwanza ndiyo kongwe, na ndiyo inayotumika hata na wasiojua kwamba wanaitumia. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alipochambua mgawanyo wa kazi mwaka 1893 na kujiua mwaka 1897, alitegemea sana kumbukumbu na takwimu zilizokusanywa na dola za Ulaya, na jamii aliyokuwa akiiona kupitia takwimu hizo ilikaribia mno kufanana na nchi zilizozikusanya. Talcott Parsons wa Marekani, mwaka 1951, akaieleza jamii kuwa mfumo unaojitosheleza, wenye uwezo wa kudumu kwa nguvu zake wenyewe. Mwaka 1974 Herminio Martins akaupa mwelekeo huo jina, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliweka kuwa utaifa wa kimbinu. Mwaka 2002 Andreas Wimmer na Nina Glick Schiller wakaeleza kwa kirefu jinsi sayansi za jamii zilivyoipokea dola-taifa kama umbo la asili la maisha ya watu, hata mhamiaji akaonekana kuwa hitilafu inayohitaji maelezo, huku asiyehama akionekana kuwa kawaida isiyohitaji lolote.

Ni rahisi kuibeza dhana hii, na wanaoibeza mara nyingi ni watu wenye pasipoti zinazofungua kila mlango. Tukirudi kwenye mitumba, nchi hizo nne zilikubaliana jambo moja Arusha kisha zikatenda tofauti, na tofauti hiyo haielezeki bila dola. Kenya ilikuwa na viwanda vya nguo katika maeneo maalumu ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, kama vile vya Athi River, vyenye maelfu ya wafanyakazi waliokuwa wakishonea soko la Marekani. Kuikosa AGOA kungewatoa watu hao kazini. Rwanda ilikuwa ikiuza nguo chache mno Marekani, kwa hiyo gharama ya kukataa ilivumilika. Ushuru hutozwa na dola, askari wa forodha huajiriwa na dola, na mfanyabiashara wa mitumba wa soko la Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam anayetaka kulalamika humwendea mbunge, waziri au mkuu wa mkoa. Mtafiti anayechunguza kodi, uchaguzi, mtaala wa shule, bima ya afya au mirathi mbele ya mahakama hana sababu ya kuona aibu kuichagua dhana hii, ilimradi aseme kwamba ameichagua na kwa nini.

Udhaifu wake huonekana pale macho ya mtafiti yanapogeuka kuwa macho ya dola. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata watu milioni 61.7, na hesabu yake ilifuata waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwa mpangaji wa shule na zahanati huo ni utaratibu wenye mantiki. Lakini mjomba aliyeko Muscat, anayewalipia ada watoto wa dada yake na ambaye fedha zake ndizo zilizoezeka nyumba hiyo, hamo katika kaya hiyo. Mgeni wa usiku mmoja yumo. Mfano mwingine ni mzito zaidi. Tanzania iliposimamisha utoaji wa takwimu za UVIKO-19 mwishoni mwa Aprili 2020, majedwali ya dunia yaliendelea kwa miezi mingi kuonyesha wagonjwa 509, namba ile ile asubuhi na jioni. Ugonjwa haukuwa umesimama. Kilichosimama ni chanzo pekee ambacho dhana hii inakiamini, na mtafiti asiye na njia nyingine ya kuiona jamii alibaki na jedwali lisilosema kitu.

Kuna pingamizi la ndani zaidi, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki naliona kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote. Ulrich Beck, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 2015, alizoea kusema kwamba dhana kama taifa na tabaka zimekuwa mizuka: zimekufa lakini zinaendelea kutembea miongoni mwetu. Maelezo ya aina hiyo yanamfanya mtu adhani kwamba zamani jamii ilitosha vizuri ndani ya nchi, kisha utandawazi ukaja ukaivunja. Je, ilitosha kwa nani? Durkheim alipochapisha kitabu chake cha 1893, ilikuwa miaka minane tu tangu mkutano wa Berlin ufungwe, na Ufaransa aliyoishi ilikuwa ikizitawala Algeria, Senegali na Indochina. Jamii ya Kifaransa "inayojitosheleza" ilikuwa himaya, na wengi wa watu wake hawakuingia katika majedwali yake. Upande wetu, mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari kutoka pwani, ukaupinda Mlima Kilimanjaro, hadi Ziwa Viktoria, na Wamaasai wakajikuta pande zote mbili. Kwa hiyo huku kwetu nchi haikuwahi kuwa chombo kilichojaa jamii moja kisha kikavuja. Ilikuwa kazi ya kujengwa, na serikali za miaka ya 1960 zilijua hivyo zilipotumia lugha, shule na majeshi ya kujenga taifa kuifanya.

Zaidi ya hapo, kabla ya nchi kulikuwa na chombo kingine. Wanaanthropolojia wa enzi ya ukoloni walizoea kuchunguza kabila kama kisiwa: lina mila zake, uchumi wake, chifu wake na mpaka wake kwenye ramani. Archie Mafeje, msomi wa Afrika Kusini aliyeongoza idara ya sosholojia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1971 makala ya kuipinga dhana hiyo, akionyesha kwamba kuita "kabila" watu walioingizwa katika uchumi wa mshahara, mazao ya biashara na utawala wa dola ni kuficha mahusiano halisi yanayowaunganisha na kuwagawa. Hoja ambayo Wimmer na Glick Schiller waliitoa kuhusu taifa mwaka 2002 ina undugu wa karibu na ile iliyotolewa kuhusu kabila miaka thelathini na mmoja kabla. Mwanafunzi wa Mlimani au wa Nairobi anayeambiwa kwamba kutilia shaka mipaka ya jamii ni jambo jipya kutoka vyuo vya Ulaya kama Munich au Lancaster ana haki ya kutabasamu.

Jamii kama mfumo-dunia

Dhana ya pili inasema kosa liko kwenye ukubwa wa kipimo. Immanuel Wallerstein, aliyeanza kazi yake kama mtafiti wa siasa za Afrika Magharibi, alidai katika kitabu chake cha 1974 kwamba tangu karne ya 16 kumekuwa na uchumi-dunia mmoja wa kibepari wenye kitovu cha nchi tajiri, pembezoni ya nchi maskini, na nusu-pembezoni kati yake, na kwamba huo ndio unaofaa kuwa kipimo cha uchambuzi. Nchi ni sehemu ndani yake. Kuuliza kwa nini nchi fulani ni maskini kwa kutazama ndani yake peke yake ni kuuliza swali nusu.

Dar es Salaam ilikuwa moja ya mahali ambapo fikra za namna hiyo zilipikwa. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo alipochapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na Giovanni Arrighi, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa nguzo za nadharia ya mfumo-dunia, alifundisha hapo mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki huipokea dhana hii kwa wepesi zaidi, na katika suala la mitumba inamlipa vizuri. Sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa husafirishwa nje baada ya kuchambuliwa tu, kabla haijasokotwa uzi. Nguo zilizovaliwa na kuchokwa katika nchi tajiri hurudi zikiwa zimefungwa katika mabelo. Viwanda vya nguo vilivyoanzishwa baada ya uhuru, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, vilidhoofika katika miaka ya matatizo ya uchumi na ulegezaji wa biashara. Na ulipofika wakati wa kuzuia mitumba, malalamiko ya chama cha wafanyabiashara wa Marekani yalitosha kuzirudisha nyuma serikali tatu. Hakuna dodoso lililojazwa Gikomba ambalo lingemwambia mtafiti kwa nini.

Inashindwa wapi? Inashindwa kuwaona watu wakitenda. Muuzaji wa Karume anayefungua belo akiwa ameshakadiria kwa uzito na alama za mfungaji kama litamlipa, fundi cherehani anayeipunguza suruali ya mtu wa kilo mia moja ikamkaa kijana wa Temeke, mama aliyeanza na sandarusi chini na sasa ana kibanda: wote hao katika mfumo-dunia ni "pembezoni". Tena Rwanda inaisumbua nadharia. Nchi ndogo ya pembezoni, isiyo na bandari, ilikubali kupoteza unafuu wa soko kubwa huku majirani wenye nguvu zaidi wakirudi nyuma. Mtetezi wa mfumo-dunia atajibu kwamba Rwanda haikuwa na kikubwa cha kupoteza, na atakuwa sahihi. Ila jibu hilo amelitoa kwenye hesabu za ndani ya nchi, yaani kwenye dhana ile ya kwanza aliyokuwa ameikataa.

Niklas Luhmann naye alidai tangu 1971 kwamba siku hizi kuna jamii moja tu, jamii-dunia, kwa kuwa mawasiliano hayana mpaka wa kijiografia yanapokoma. Ni hoja nadhifu. Mtu anayetakiwa kusema atawahoji nani na wapi haimsaidii sana, kwa hiyo naipita.

Jamii kama mtandao na kama mwendo

Manuel Castells, katika vitabu vyake vitatu vilivyotoka kati ya 1996 na 1998, alidai kwamba teknolojia ya habari imezaa jamii ya mitandao, ambamo nguvu iko katika mtiririko wa fedha, habari na maamuzi kati ya vituo, na mahali pasipounganishwa panazimwa kama taa. Cha msingi katika hoja hiyo, na kinachosahauliwa na wanaoinukuu juu juu, ni kule kuzimwa. Castells alitoa nafasi kubwa kwa Afrika kusini mwa Sahara katika kitabu cha tatu, lakini zaidi kama mfano wa watu walioachwa nje ya uchumi wa habari.

Miaka tisa baadaye, Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa Kenya, na watu waliodhaniwa kuwa wamezimwa wakawa wanatumiana fedha kwa simu za bei nafuu kabla wakazi wengi wa miji tajiri hawajafanya hivyo. Sisemi kwamba mfano huo unaibomoa nadharia. Unaonyesha tu kwamba ramani ya waliomo na wasiomo ilichorwa na mtu aliyekuwa mbali. Katika mitumba, dhana ya mtandao inaeleza vizuri njia ya bidhaa. Nguo zilizokusanywa Kanada au Uingereza huweza kuchambuliwa na kupangwa kwa madaraja Kandla nchini India, Karachi au Sharjah kabla hazijafika Mombasa, na bei ya belo hujadiliwa kwa WhatsApp na mtu ambaye muuzaji hajawahi kumwona. Tatizo ni kwamba mtandao hauna mahali pa kuishia. Kila kituo kina kingine nyuma yake, na mtafiti asiye na kanuni ya kusimama atamaliza fedha za utafiti akiwa bado anachora mishale. Tena mchoro wa mtandao huonyesha nani ameunganishwa na nani, lakini kuhusu nani ana uwezo wa kukata uzi husema kidogo mno.

John Urry wa Lancaster alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 2000 alipendekeza sosholojia iache kuichukulia jamii kama somo lake kuu na ishike mwendo: wa watu, vitu, picha, taarifa na taka. Mwaka 2006 akaandika na Mimi Sheller makala iliyoupa mtazamo huo sura ya mkabala kamili. Kama mbinu, naupenda. Kulifuata belo moja kutoka ghalani hadi mgongoni mwa mvaaji ni utafiti mzuri, na safari ya lori la mizigo kutoka Mombasa kupitia Malaba hadi Kampala ina sosholojia tele ndani yake: foleni, mizani, nyaraka, vibanda vya chai, afya ya madereva. Kama dhana ya jamii, haunishawishi. Mwendo wa belo ni huru kuliko mwendo wa anayelinunua. Nguo ya Toronto inafika Gikomba bila viza, na muuzaji wa Gikomba haendi Toronto bila barua ya benki na mahojiano. Urry alijua kwamba mwendo hutegemea vitu vilivyotulia, kuanzia viwanja vya ndege hadi nyaya, lakini wanaomfuata huvutiwa zaidi na kinachokwenda kuliko aliyezuiwa.

Jamii kama uga unaovuka mipaka

Dhana ya nne ilitoka kwa watafiti wa uhamiaji. Linda Basch, Nina Glick Schiller na Cristina Szanton Blanc, katika kitabu cha mwaka 1994, walionyesha kwamba wahamiaji wengi hawaihami nchi moja na kuingia nyingine moja kwa moja. Huishi katika mahusiano yanayozishika nchi mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Mwaka 2004 Peggy Levitt na Glick Schiller wakaueleza uga huo wa kijamii, yaani eneo la mahusiano hayo, kwa undani, wakitenganisha kushiriki katika mahusiano hayo na kujitambulisha nayo. Utenganisho huo una manufaa makubwa. Mtu anaweza kuwatumia wazazi fedha kila mwezi bila kujiita mtu wa huko, na mwingine akashangilia timu ya taifa la babu yake bila kutuma hata shilingi.

Katika eneo letu dhana hii inakutana na mambo yaliyotangulia kuwapo kwa jina lake. Familia za Zanzibar na Oman ndizo mfano ulio wazi. Utawala wa ukoo wa Busaidi uliziunganisha pande hizo mbili katika karne ya 19. Mapinduzi ya Januari 1964 yakawatoa wengi Zanzibar. Na baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Oman iliyokuwa na uhaba wa watu wenye elimu iliwapokea wengi wenye asili yake waliokulia Afrika Mashariki. Hadi leo Kiswahili kinasikika katika nyumba na maofisi ya Muscat. Harusi ya familia moja hupangwa pande zote mbili, mgogoro wa shamba la karafuu Pemba huamuliwa kwa simu kutoka ng'ambo, na mtoto huchaguliwa shule kwa kushauriana na shangazi asiyekuwepo. Ukiichunguza familia hiyo ndani ya "jamii ya Zanzibar" peke yake utaona nusu ya kila uamuzi, na utatafuta bure sababu ya nusu nyingine.

Jambo hili ni pana kuliko familia za namna hiyo. Fedha walizotuma Wakenya walio nje mwaka 2024 zilifikia takriban dola bilioni 4.9, kiasi ambacho hakiwezi kuitwa cha pembeni katika uchumi wa nchi. Na ubora wa dhana hii ukilinganishwa na ile ya mtandao ni kwamba dola haipotei ndani yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, kwa hiyo Mtanzania anayechukua uraia wa Marekani hupoteza wa kwao, na suala la kumiliki ardhi kwa jina lake mwenyewe hubadilika. Ndugu wawili wenye mahusiano yanayofanana na nyumbani, mmoja akitokea Kisumu na mwingine Musoma, wanaishi katika uga wenye masharti tofauti. Uga unaonyesha mahusiano yanayovuka na pia ukuta yanaougonga.

Nao una kasoro zake. Kwanza unawapendelea walio na mtu nje. Katika mtaa ambao kaya tatu kati ya kumi zina ndugu Ghuba au Ulaya, mtafiti wa uga huvutwa na hizo tatu, na saba zilizobaki, ambazo maisha yao yanapangwa na bei ya unga na nauli ya daladala, zinageuka kuwa mandhari. Pili, hauelezi kwa nini uga umechukua sura uliyo nayo: kwa nini vijana wa kike kutoka Kenya na Uganda wanakwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia, na hakuna msafara wa kurudi upande wa pili, ni swali la mgawanyo wa utajiri na historia yake, ambalo mfumo-dunia hulijibu vizuri zaidi. Katika mitumba vilevile, uga unamfaa mtafiti wa wafanyabiashara wenye ndugu Dubai, kama walivyo baadhi ya Wasomali wa Eastleigh, lakini haumfikishi kwenye meza ya mazungumzo ya biashara kule Washington.

Uchaguzi unavyofanyika

Raewyn Connell wa Australia, katika kitabu chake cha 2007, alilalamika kwamba nadharia nyingi za utandawazi zimetungwa katika nchi tajiri kisha zikasambazwa kama maelezo ya dunia nzima. Lalamiko hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuzikataa zote. Lichukuliwe kuwa sababu ya kuziuliza kila moja inamficha nani. Dola-taifa inamficha anayevuka na anayetawaliwa kutoka mbali. Mfumo-dunia unamficha mwenye kutenda. Mtandao unamficha mwenye uwezo wa kukata uzi, mwendo unamficha aliyezuiwa, na uga unamficha asiye na mtu nje. Mtafiti aanze na swali lake, aangalie ni nani ambaye swali hilo haliwezi kumkosa, kisha aiache dhana inayomficha huyo.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini Kenya ilirudi nyuma na Rwanda haikurudi, achague dola-taifa na aongeze mfumo-dunia kwa ajili ya kueleza shinikizo lilikotoka. Hizo mbili zinakaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Anayeuliza kwa nini nguo zilizotumika zinatoka kaskazini kuja kusini kwa wingi huo, mfumo-dunia unamtosha, mradi asithubutu kuandika sura nzima kuhusu wauzaji bila kuzungumza nao. Anayetaka kujua jinsi belo linavyopata bei yake alifuate kwa mbinu za Urry, na aamue mapema ataishia kituo kipi. Anayechunguza malezi, ndoa, mirathi, ujenzi wa nyumba au ada za shule katika maeneo yenye wahamiaji wengi asihangaike: uga unaovuka mipaka una faida kubwa kuliko nyingine, na aweke kwa makusudi katika sampuli yake kaya zisizo na mtu nje, ili ajue tofauti iko wapi hasa. Dhana ya jamii ya mitandao ningeishauri kwa anayechunguza mawasiliano yenyewe, kama vile masoko ya mtandaoni au makundi ya kuchangishana fedha kwa simu. Nje ya hapo mara nyingi hubaki kuwa pambo la sura ya pili ya tasnifu.

Kama ningelazimika kuchagua moja kwa mtafiti wa Afrika Mashariki asiyenieleza swali lake, ningechagua uga, na nisingeuacha utembee peke yake: ningeutaka ubebe historia ya mfumo-dunia mgongoni, kwa sababu mahusiano yanayovuka mipaka hapa kwetu yalianza kwa majahazi na misafara, yakapangwa upya na reli na mashamba ya kikoloni, na hayaeleweki kwa kuanzia siku intaneti ilipofika.

Gharama nayo iingie katika hesabu. Dola-taifa ndiyo dhana ya bei nafuu: takwimu zipo, safari ni fupi, na wasimamizi wengi wameizoea. Uga unadai kazi katika nchi mbili angalau, au mahojiano ya mbali yenye mapungufu yake, na unadai pia vibali viwili, kwa kuwa ruhusa ya utafiti hutolewa na kila nchi kwa utaratibu wake: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina mlango wake wa kubisha. Mtafiti wa jamii isiyofuata mipaka ataombwa aeleze, kwenye fomu ya kila upande, ni jamii ya nchi gani anayoichunguza. Aijaze kwa lugha ambayo ofisa ataielewa, aambatanishe barua ya chuo, na aiwasilishe mapema, kwa sababu kibali cha upande mmoja kikichelewa, na kazi ya upande wa pili husimama.